Majimoto wa Mjomba, Majimoto wa Wifi

Mume wangu alikuwa mpulizaji. Huku kwetu Chilangala, Newala, hiyo ni kazi yenye heshima yake, kama ufundi cherehani au ualimu. Msimu ukifika, mikorosho inapotoa machipukizi mapya na maua, alijitwika bomba la injini mgongoni, akafunga kitambaa puani, akaingia mashambani mwa watu kabla upepo haujaamka. Alianza na salfa ya ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, akamalizia na dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi mpaka yanakuwa meusi na kukauka kama yamebabuliwa na moto. Siku za salfa alirudi nyumbani wa njano kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, nasi tulimcheka na kumwekea maji ya kuoga. Watu walisema hakuna anayepuliza kama yeye, kwamba dawa yake hufika kileleni. Hakuna aliyesema kwamba inayofika kileleni lazima irudi chini, na chini alikuwa amesimama yeye.

Kikohozi kilianza kama kikohozi cha kila mtu wakati wa kupuliza. Tangawizi, asali, mwarobaini, vyote alikunywa. Msimu ukapita, kikohozi kikabaki. Mwishowe alikuwa hawezi kutoka kisimani na ndoo moja bila kukaa njiani, na mimi ndipo nikamwambia kwamba kesho tunashuka Masasi hospitali, na kama hataki atanieleza mbele ya watoto kwa nini hataki.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza kazi yake. Kisha akasema bomba lile asilivae tena. Mume wangu akauliza kama anaweza kuvaa mara mojamoja. Daktari akasema asilivae, na ikiwezekana asikae hata mahali linapopulizwa. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumfundisha namna ya kuitumia. Tulipokuwa tunapanda kurudi Newala, mume wangu alitazama nje njia nzima. Tulipofika juu kwenye baridi ndipo akafungua kinywa.

"Mikorosho ya wenzangu nitaacha," akasema. "Ya kwangu je?"

Nyumba yetu imejengwa katikati ya mikorosho yenyewe. Hata tukimwita mpulizaji mwingine, dawa itaingia dirishani na kulala kwenye mashuka yetu. Na mbu asipozuiwa, mikorosho haizai, na sisi hatuna shamba jingine wala kazi nyingine.

Niseme tu kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, nikiuliza nani kafunga mlango. Mume wangu amenizoea. Nikianza kuuliza mambo mara tatutatu, hunitania, "Mama watoto, mvua ya mwakani umeshaiwazia?" Lakini safari hii hakunitania, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Ubwiri haukuwa tatizo kubwa kwetu, kwa sababu miti yetu mingi ni ya kubebeshwa, iliyounganishwa na mbegu bora, ile isiyougua sana, na ile michache ya zamani tuliipogoa ipitishe hewa. Tatizo lilikuwa mbu. Bwana shamba wetu, kijana mstaarabu ambaye hata akiwa na haraka hushuka kwenye pikipiki kutoa shikamoo, ndiye aliyetuambia habari za majimoto.

Majimoto sote tunawajua. Ni wale sisimizi wekundu wenye miguu mirefu wanaoshona majani mabichi mtini yakawa mfuko, wakaishi humo. Wameitwa majimoto kwa sababu wakikuuma unaruka kama uliyemwagiwa. Wanawake tunaookota korosho tumewalaani tangu utotoni. Bwana shamba akasema majimoto wakijaa mtini, mbu hatui, na akitua haondoki mzima. Wanapita kwenye kila chipukizi mchana kutwa na kukamata chochote kisicho cha kwao.

"Lakini shambani kwako hawapo, Baba," akamwambia mume wangu kwa upole.

Mume wangu akainamisha kichwa. Hawakuwapo kwa sababu yeye mwenyewe aliwamaliza. Dawa haichagui.

Ikabidi tuwalete kutoka kwingine. Bwana shamba akatueleza vizuri sana, na sitaki mtu aje kusema hakutueleza: tukate viota alfajiri wakiwa wamepoa, tuvitie kwenye viroba, tuvifunge kwenye miti yetu, kisha tutandaze kamba kutoka mti hadi mti ziwe madaraja yao. Na viota vyote vitoke kwa ukoo mmoja, kwenye mti mmoja au miti inayogusana. Mume wangu aliitikia kila neno. Kisha akaingia ndani, akalifuta bomba lake kwa kitambaa cha mafuta, akalitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

"Nawapa hao sisimizi wako msimu mmoja," akaniambia. "Mbu akiwashinda, nalivaa."

"Daktari amesema..."

"Daktari hali korosho zangu."

Tangu siku hiyo nilikula, nikafagia na kusali nikiwa nalitazama lile bomba. Nilikuwa nikiamka nalitazama kwanza kama lipo ukutani, ndipo namtazama mwenyewe.

Sasa ndipo tukafanya kosa letu. Mimi ni Mmakonde wa hapahapa, na mume wangu ni Mmakua wa Chiungutwa, upande wa Masasi. Alikuja kukaa kwetu kama ilivyo desturi ya huku, kwamba mwanamume hufuata kwa mkewe. Mwanamume aliyekuja ukweni ana haki moja kubwa: likitokea jambo la nyumba, pande zote mbili huitwa. Ukijenga, wajomba zangu wanaleta miti na ndugu zake wanaleta nyasi. Ukiuguliwa, kuku wanatoka huku na huku. Ukichukua msaada upande mmoja ukauacha mwingine, umewatangazia watu kwamba ule mwingine haufai. Mikorosho yetu ndiyo nyumba yetu. Tungewezaje kuomba majimoto kwa mjomba wangu peke yake?

Nilimkumbusha mume wangu maneno ya bwana shamba, ukoo mmoja. Akajibu kwamba dada yake akisikia tumekwenda kwa mjomba tukamruka yeye, hatakanyaga tena hapa. Nami nilijua ni kweli, maana ningekuwa mimi ndiye dada ningefanya vilevile. Tukakubaliana kwamba wale ni sisimizi tu, watazoeana. Mbona sisi tulizoeana?

Mjomba alitupokea kwa furaha. Ni mzee mwembamba asiyekaa, na alipanda kukata viota yeye mwenyewe, mikono na miguu akiwa amejipaka jivu, maana jivu huwafanya majimoto wateleze. Kumbe shingoni alisahau. Alishuka upesi kuliko alivyopanda.

"Mpwa wangu," akasema akijikuna, "ntu akikuomba mali humpa mali. Wewe umeniomba maumivu, nami nimekupa. Nkwe wangu apone tu."

Wifi naye akaja kutoka Chiungutwa na viroba vyake juu ya bodaboda. Kiroba kimoja kilifunguka njiani. Yule dereva alipofika kwetu hakuuliza mzigo uwekwe wapi. Aliangusha pikipiki, akavua shati mbele ya watu, akakimbilia nyuma ya jiko. Wifi alikuwa amekaa nyuma yake safari nzima bila kuguswa, kanga imefungwa vizuri, anacheka mpaka machozi.

"Hawa ni wa kwetu, wifi," akaniambia. "Wanajua nani wa kumng'ata."

Siku ile nilisahau hofu kidogo. Tulifunga viota vya mjomba upande wa mashariki na vya wifi upande wa magharibi, tukatandaza kamba za katani shamba zima, mti hadi mti, mpaka pande zote zikaunganika. Mjomba akatazama zile kamba akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tukala ugali pamoja uani. Mume wangu alikohoa mara chache tu, na nilimwona akitazama juu kwenye majani kwa macho ya mtu anayesubiri wageni.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani kabla yake. Chini ya mistari ya katikati ardhi ilikuwa nyekundu. Nilidhani ni maua yameanguka, nikainama. Walikuwa majimoto. Wafu kwa wafu, wengine wameshikana wawiliwawili, mmoja amemuuma mwenzake kiunoni na wote wamekufa hivyohivyo. Juu ya kamba bado walikuwa wakija, wa huku na wa kule, wanakutana katikati na kuangushana. Tuliwajengea daraja ili wajuane, wakalitumia kwenda vitani. Nikakaa chini palepale na jembe langu nikalia. Sikuwalilia sisimizi. Nililia kwa sababu nilijua nikigeuka nitaliona lile bomba likishuka ukutani.

Nilichukua panga nikazikata kamba za katikati zote. Mume wangu alipofika alikuta nimeshamaliza. Akaangalia chini, akaangalia juu, akasema, "Shemeji wamekataana." Alisema kwa utani, lakini pumzi ikamkatikia kwenye neno la mwisho.

Bwana shamba aliitwa. Hakucheka wala hakutukemea. Alisikiliza habari yote ya mjomba na wifi, akakuna kidevu, akasema yeye mwenyewe angekuwa katika nafasi yetu asingejua angemwambiaje shangazi yake. Hawa hawatapatana, akasema, si leo wala mwakani. Lakini wanaweza kukaa kila mmoja kwake. Tukate matawi yanayogusana katikati ya shamba, tuache mstari mmoja wa mikorosho uwe mpaka, usio na kamba upande wowote. Mashariki wakae wa mjomba, magharibi wa wifi.

"Na ule mstari wa mpaka utalindwa na nani?" nikauliza.

Bwana shamba akageukia pikipiki yake. "Huo, Mama, tuutazame tu."

"Tukipuliza huo peke yake?" akauliza mume wangu upesi mno.

"Dawa itawafikia wa pande zote mbili, Baba. Utakuwa umeanza upya. Na kifua chako..."

"Kifua changu nakijua."

Basi ndivyo nilivyoingia msimu wa maua, roho juu juu. Asubuhi nilikuwa nakwenda mashariki, naangalia machipukizi. Kijani. Majimoto wanapita wameinua vichwa, wameanza kushona mifuko mipya. Nakwenda magharibi, vilevile. Kisha najikaza, nakwenda mpakani. Mwanzoni ilikuwa kijani huko pia, nikaanza hata kumshukuru Mungu kwa sauti. Halafu siku moja nikaona alama nyeusi kwenye chipukizi moja, ndogo, imechongoka. Nikaikata kwa kucha nikaificha mfukoni mwa gauni, kana kwamba mti haungetoa nyingine. Jumapili kanisani, padre akihubiri habari za imani, mimi nilikuwa naupapasa mfuko ule.

Ziliongezeka. Vishada vya maua vya mpakani vikaanza kujikunja na kukauka. Nilimzuia mume wangu asiende upande ule. Mara nimtume dukani, mara nimwambie kuku wamepotea. Lakini mtu aliyepuliza mikorosho nusu ya maisha yake humwambii kitu. Upepo uligeuka asubuhi moja akasimama mlangoni akavuta hewa, akasema, "Mbu yupo." Akaondoka peke yake. Aliporudi aliingia sebuleni moja kwa moja.

Nilisikia mkanda ukiburuzika ukutani.

Nilikuwa napepeta mchele. Niliuacha ungo palepale, nikaingia, nikamkuta amekwishajitwika bomba, anahangaika na kifungo cha mbele. Bila injini kuwashwa, bila dawa, kwa uzito wake tu, alikuwa akihema kama amepanda mlima kutoka bondeni.

"Ni mstari mmoja," akasema. "Nitapuliza nusu saa. Nitafunga kitambaa."

"Na majimoto?"

"Nimewapa msimu. Wameshindwa."

"Hawakushindwa. Pale hawakuwekwa."

"Mama watoto, nipishe. Siwezi kukaa natazama mti wangu unakauka."

Nina ulimi mkali, kila mtu wa Chilangala atakwambia, na nilikuwa nimeuandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa na maneno tayari ya daktari, ya watoto, ya kaburi. Yote niliyasahau. Nilichofanya ni kwenda nyuma yake, nikaanza kulegeza mikanda, begani, kisha begani kwingine. Alidhani namsaidia kuirekebisha akatulia. Nikalivuta bomba, nikaligeuzia mgongoni kwangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani miaka yote ile nikimwona akilibeba, na kwenye mikanda kulikuwa na harufu ya jasho lake na salfa ya zamani. Nikafunga kifungo.

"Unafanya nini?"

"Nakwenda kupuliza. Nifundishe inavyowashwa."

"Wewe hujui."

"Ndiyo nasema nifundishe."

"Itakuingia kifuani."

"Itaniingia."

Nikatoka nje. Sikuwa namtisha. Watu wakinisikia nikisimulia hudhani ulikuwa ujanja, lakini Mungu ananiona, nilikuwa nimekusudia. Niliwaza kwamba kama lazima mmoja wetu avute ile hewa, mapafu yangu bado yana nafasi. Nilikuwa nimeogopa muda mrefu sana, nikachoka kuogopa, nikataka tu jambo lifanyike na liishe.

Nilifika mpaka kwenye mti wa kwanza wa mpakani. Akaja nyuma yangu akikohoa, anasimama, anatembea, anasimama. Nikamngoja. Sikujua hata kamba ya kuwashia iko wapi, mkono wangu ukawa unapapasa ubavuni mwa injini. Aliponifikia alinishika kifundo cha mkono, akauondoa pale ulipokuwa unapapasa. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Akanitazama mimi na lile bomba muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda aliona vile nilivyokuwa nikimwona yeye misimu yote, akitoka alfajiri na kile kitu mgongoni, na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akafungua kifungo, akanivua bomba taratibu kama unavyomvua mtoto nguo ya mvua, akaliweka chini.

"Acha ukauke," akasema.

Mstari ule ulikauka. Tuliutazama ukikauka, vishada vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine, na mume wangu alikuwa akipita pale kila siku makusudi, kama anayejizoeza. Mashariki na magharibi mikorosho ilizaa. Si kwa fujo, lakini ilizaa, na hakuna aliyewasha injini. Wakati wa kuokota majimoto walituuma sote bila upendeleo. Mjomba alikuja kukagua akasema nkorosho wa upande wake ndio umebeba zaidi. Wifi akaja wiki nyingine akasema kipofu pia anaweza kuona kwamba wa magharibi ndio wenye baraka. Tuliwakubalia wote wawili, tukawapikia.

Bomba liliondoka sebuleni. Mume wangu alilifungua likawa vipandevipande, akavifukia mbali na kisima, akaushindilia udongo kwa mgongo wa jembe. Ukutani imebaki misumari yake miwili na alama ya njano ambayo chokaa haiifichi. Kifua chake hakikurudi kama zamani. Daktari alishatuambia hakitarudi. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Msimu wa kupuliza, upepo ukileta harufu kutoka mashamba ya mbali, tunafunga madirisha na mimi nakaa karibu naye nikishona kitu chochote, nasikiliza.

Mpaka ule tumeuacha ulivyo. Kila mwaka mbu huupata, kila mwaka mistari mingine inabeba na wenyewe unabaki mtupu katikati ya shamba, na kila anayepita njiani lazima auone. Wengine hunishauri tuikate ile miti tupate kuni. Wengine huniuliza, Mama, mstari huu mbona hauzai?

Nawaambia unazaa, ila si korosho. Kisha nageukia nyumbani, namwita mume wangu, nangoja aitike.